Matembezi ya Baridi Hadi Upande wa Pili wa Ziwa

Sifa kwa Bwana wetu, ndugu zangu! Ninyi mliokaa nyuma karibu na mlango, sogeeni mbele, upepo wa mwezi wa saba hauna huruma asubuhi hii. Sogeeni tu, nafasi iko. Na msinihesabie makosa ya Kiswahili changu. Nitasema kile cha nyumbani kwetu, kwa sababu mambo haya yalinipata katika Kiswahili hicho.

Mimi ni Ngoie, lakini hapa Likasi wengi mnaniita Mama Kyungu. Nimesimama kushuhudia jambo ambalo Mungu alinitendea miaka ile ya Zaire, wakati king'ora cha Kampuni ya madini kilikuwa kinalia asubuhi na mji wote unaamka. Sikuweza kulisema wakati ule. Mtaelewa kwa nini. Leo wale niliowalinda kwa kunyamaza wamepumzika, na binti yao mwenyewe ameniambia: "Mama, sasa sema." Basi nasema.

Bwana yangu aliitwa Kalenga. Alifanya kazi kwenye atelye, karakana ya Kampuni, na tulikaa katika nyumba ya kampi ya wafanyakazi, vyumba viwili na jiko nyuma. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Furaha yake ilikuwa samaki. Siku za kupumzika alipanda treni mpaka Kapolowe, akaazima mtumbwi, akavua ziwani, na Jumapili jioni alirudi na samaki amewafunga kwa kamba ya mti, anapiga mluzi tangu kwenye kona ili watoto wamkimbilie. Nilikuwa namgombeza kwa harufu ya samaki katika nguo zake. Ndugu zangu, kuna siku ningetoa kila kitu nilichonacho ili nisikie tena harufu ile!

Jumamosi moja ya mvua kubwa, ile mvua iliyofurisha Lufira, aliondoka kama kawaida. Jumapili hakurudi. Jumatatu hakurudi. Nilishuka Kapolowe pamoja na kaka yake mkubwa, Numbi. Mwenye mtumbwi akatuambia: "Aliuchukua alfajiri. Yeye sikumuona tena, na mtumbwi pia sikuuona." Wavuvi walitafuta katika mafunjo. Tulizunguka kwenye matope, tukaita jina lake mpaka sauti zikakauka. Upande wa pili wa ziwa, kule Mwadingusha, hatukufika. Kule kuna barage, ukuta unaozuia maji ili yatoe umeme, na miaka ile ililindwa na askari. Asiye na ruhusa hakupita. Tulirudi Likasi mikono mitupu.

Ndipo mateso yangu yakaanza.

Kwanza, hapakuwa na maiti. Tuliketi kwenye mikeka, tukaanza kulia kama inavyotakiwa, lakini Numbi akasimama akasema: "Hatuwezi kulilia muntu hatuyaona mwili yake." Wazee wakakubali. Wakakunja mikeka, kila mtu akaenda kwake. Mimi nikabaki sina jina. Sikuwa mke, sikuwa mjane. Baadaye Numbi alirudi na vijana wa ukoo. Alisema ni mimi niliyejua alikokwenda mdogo wake, na kama sijui, basi nilimfanyia kitu. Walichukua redio, baiskeli na suti ya arusi. Nilisimama mlangoni na mtoto mgongoni, nikawaangalia wanaondoka na suti ile, imekunjwa juu ya baiskeli kama mtu.

Lakini hayo yalikuwa madogo. Ninyi mlio wazee mnakumbuka miaka ile. Kulikuwa na vita mpakani, na wanaume wengine walikuwa wamevuka kwenda Angola. Mfanyakazi akikosekana kazini bila sababu, watu wa usalama walitaka kujua. Mmoja wao akaanza kuja kwangu. Alivaa abakosti safi, lile koti la wakubwa lisilo na tai, viatu vinang'aa. Alikaa kwenye kiti cha bwana yangu bila kukaribishwa.

"Sitwayene," aliniambia kwa upole, yaani mwananchi, "bwana yako alivuka?"

"Alienda kuvua samaki, papa."

"Samaki gani hao wa kuvua miezi yote hii?"

Alikuja na alirudi, alirudi na alirudi. Hakunipiga hata siku moja. Aliwauliza watoto habari za masomo, akiwaita kwa majina yao ambayo sikuwa nimemwambia. Akiondoka, sikuweza kushika kikombe.

Majirani waliona. Niliwaona wanavuka barabara ili wasipite mbele ya uzio wangu. Kwenye bomba la maji nikifika, mazungumzo yalikatika. Siwalaumu, kila mtu alikuwa na watoto wake. Lakini hofu iliingia ndani yangu ikajenga nyumba. Niliacha kwenda sokoni. Niliacha kwenda misa. Kyungu, kifungua mimba wangu, ndiye aliyetumwa kununua unga na makala ya moto. Geti likilia, moyo wangu uliruka mara mbili: mara ya kwanza nikidhani ni Kalenga amerudi, mara ya pili nikidhani ni yule wa abakosti. Kila siku nilipika bukari, ugali wetu, nikaifunika sehemu ya Kalenga kwa sahani. Nilikuwa namngojea na namlilia kwa wakati mmoja, ndugu zangu, na moyo wa mtu haukuumbwa kufanya kazi hizo mbili pamoja! Nikisali, maneno yalianguka njiani. Nilianza kufikiri kwamba hata Mungu anavuka barabara akiona nyumba yangu.

Sasa sikilizeni alivyonikumbuka.

Nilikuwa na marafiki watatu tangu usichana: Kabwe, Odia na Nyota. Kabwe alikuwa mke wa dereva wa lori. Nyota alikuwa muuguzi wa uzazi. Odia aliuza mikate sokoni, mama mnene mwenye kicheko cha kusikika hadi upande mwingine wa kampi. Asubuhi moja ya baridi, mwezi wa sita, Odia alisukuma geti langu akaingia moja kwa moja mpaka jikoni, nilipokuwa nimejikunja karibu na mbabula, jiko letu la makaa.

"Mama Kyungu," akasema, "docteur anasema sukari imepanda mu damu yangu. Amesema nitembee, tena mbali. Kabwe na Nyota banaenda mbio. Minye natafuta muntu wa kwenda naye polepole. Vaa viatu."

"Odia, siende fasi yoyote."

"Nani amesema tunaenda fasi? Tunatembea tu."

Sijui kwa nini nilivaa viatu. Leo najua, lakini siku ile sikujua. Nilijifunika kikwembe mpaka kwenye macho, nikatoka. Wenzetu wawili walikuwa wanangoja nje, wanapuliza vidole. Tulifika mwisho wa kampi tu, pale nyumba zinapokoma, nikaomba turudi. Hakuna aliyebishana. Tulirudi. Jumapili iliyofuata, baada ya misa ya kwanza, walikuwa tena kwenye geti.

Hivyo ndivyo yalivyoanza matembezi yetu. Watu walituona kama wendawazimu. Katika baridi ile kila mwenye akili alikuwa amekaa karibu na moto, na sisi mama wanne tunaelekea porini bila jembe wala kitunga! Tulishika njia za miguu zinazopita kwenye vilima, nyasi zimechomwa, majani ya miti yamebaki mekundu na manjano. Chini kwenye dembo, pale maji yanapolala, baridi ya usiku iliacha weupe juu ya nyasi kama chumvi, ukikanyaga panalia. Pumzi zetu zilitoka kama moshi. Kabwe aliimba nyimbo za Maria na hakuwahi kuipata sauti ya wimbo hata mmoja. Odia alilalamika tangu hatua ya kwanza: mara kisigino, mara mawe, mara Mungu aliyeweka vilima mahali ambapo angeweza kuweka uwanda. Tulikula viazi vitamu vya kuchoma, bado vina majivu, na kunywa chai ya Nyota kutoka thermos moja, kikombe kinazunguka.

Hawakuniuliza kitu. Hiyo ndiyo dawa waliyonipa, ndugu zangu. Hawakunihubiria. Walitembea. Nikiwa na siku ya kunyamaza, walininyamazia. Siku moja Odia aliteleza akakaa matopeni, akabaki pale anatuamuru tumuinue kama chifu, na mimi nikacheka. Nilisikia kicheko nikageuka kutazama ni nani. Ilikuwa ni mimi!

Lakini msidhani ilikuwa rahisi kwao. Asubuhi moja yenye ukungu, tulipokuwa tunarudi kwenye barabara kubwa, tulikuta kizuizi kipya. Askari wawili walikuwa wanaota moto.

"Bozokende wapi?" mmoja akauliza kwa Lingala, yaani tunaenda wapi.

"Tunatembea, papa," akajibu Odia.

"Kutembea?" Yule wa pili alijua Kiswahili. "Bila kitunga? Banamuke bane mu baridi hii banatembea tu? Munaenda kukutana na nani huko?"

Odia akapandisha kikwembe akaonyesha mguu wake uliovimba. "Angalia. Docteur anasema nisipotembea atakuya kuukata. Weye utanibeba sokoni?"

Yule wa kwanza akacheka. Wa pili hakucheka. Aliniangalia mimi. "Na huyu mwenye kujificha? Bwana yake ni nani?"

Ningetaja jina, wangeandika, na sote wanne tungelala mahali pengine. Nyota akasogea akasimama mbele yangu. Alikuwa mfupi, lakini sauti yake ilikuwa ile ya kuwaamuru wanawake wasukume.

"Huyu ni dada yetu. Iko na sisi. Amefanya nini?"

Askari alimtazama, akatazama ukungu, akarudi kwenye moto wake. "Mupite."

Kabwe alinishika mkono pale na hakuuachia mpaka nyumbani kwangu. Siku hiyo walielewa kabisa wanatembea na nani. Jumapili iliyofuata nilijiambia hawatakuja, na kwamba watakuwa na haki. Geti likalia. Walikuwa watatu, kama kawaida, wanapuliza vidole. Bwana asifiwe kwa marafiki wa namna hiyo!

Baridi ile ikapita, nyingine ikaja. Nilikuwa nimeanza tena kwenda misa, ingawa nilikaa nyuma. Ndipo kaka wa Nyota, fundi wa umeme kule barage ya Mwadingusha, akapata mtoto, akamwalika dada yake kwa ubatizo. Alikuwa na njia ya kutupatia ruhusa ya kuingia. Bwana wa Kabwe angetupeleka kwa lori lake Jumamosi, tulale, tubatize, tutembee kidogo kando ya ziwa, turudi.

Nilikataa. Ziwa! Ziwa ndilo lililonimeza. Tangu Kalenga apotee sikuweza kutazama hata maji ya beseni bila kuona mtumbwi.

Nyota akaniambia: "Utageuka mugongo. Hakuna muntu atakulazimisha kuangalia maji."

Nilienda kwa ajili ya neno hilo tu, kwamba hawatanilazimisha.

Ubatizo ulikwisha salama, mtoto alilia vizuri. Baadaye sisi wanne tukashika njia ya kando ya ziwa. Upepo ulitoka kwenye maji ukapenya nguo zote. Tulitembea mpaka tukafika kwenye kambi ndogo ya wavuvi, vibanda vya nyasi na vichanja vya kukaushia samaki. Mama mmoja mwenye ushungi alikuwa anageuza samaki juu ya moshi. Alituona tunatetemeka akatuita.

"Karibuni, dada zangu! Karibuni moto. Baridi hii itawaua."

Alikuwa Mama Zaina, Mwislamu, watu wake walitoka upande wa Kasongo zamani. Alitupa vigoda na chai ya tangawizi. Wenzangu waliketi wakielekea moto na ziwa. Mimi niligeuza kigoda changu nikakaa mgongo kwenye maji, na moto ukanipiga ubavu.

Mama Zaina akamuuliza Odia taratibu: "Huyu dada mbona anayapa maji mgongo?"

Odia, yule ambaye mdomo wake haupumziki, safari hii alinitazama kwanza. Akaniachia. Na mimi, sijui nguvu ilitoka wapi, nikajibu mwenyewe:

"Bwana yangu alienda kuvua kule Kapolowe. Hakurudi."

"Ilikuwa wakati gani?"

"Ile mvua iliyofurisha Lufira."

Mkono wake ukasimama juu ya samaki. Alifuta vidole kwenye nguo, akaondoka kuelekea nyuma ya vibanda. Nilidhani nimemkosea. Alirudi na mume wake, Mzee Saidi, mwembamba, kofia nyeupe kichwani, mikono imepasuka kwa maji na kamba. Alitusalimia wote mmoja mmoja, akauliza habari za safari, habari za watoto. Kisha akachuchumaa mbali kidogo nami.

"Mama," akasema, "nitakuuliza neno moja. Nikikosea unisamehe. Mikono ya bwana yako ilikuwa namna gani?"

"Wa kushoto ulikosa kidole cha pete. Mashine ya atelye ilikichukua kabla ya arusi yetu."

"Na pete aliivaa wapi?"

"Mukono wa kuume."

Mzee Saidi akavua kofia yake. Alikaa chini kabisa, kwenye udongo.

"Basi, mama," akasema, "bwana yako yuko kwetu."

Ndugu zangu! Hakusema amekufa. Hakusema tulikuta maiti. Alisema yuko kwetu!

Alitueleza polepole, na Mama Zaina amenishika bega. Baada ya mafuriko yale alimkuta katika mafunjo upande huu, maji yalikuwa yamemleta. Aliona medali ya Maria shingoni akajua ni Mkristo. Alitaka kwenda kusema. Lakini siku chache kabla, mvuvi mwenzake alikuwa ameripoti mtu aliyekufa majini, na askari walimpiga na kumfunga, wakisema yeye ndiye aliyemuua. "Nilikuwa na watoto wadogo, mama. Niliogopa." Basi alimuosha kwa mikono yake mwenyewe. Mama Zaina alitoa shuka jeupe alilokuwa amejiwekea kwa siku yake. Walimzika jioni, mahali palipoinuka, mbali na maji.

"Maombi yenu hatuyajui," akasema. "Tulisoma yetu. Pete hatukuitoa."

Walitupeleka. Njia ilipita katikati ya miti midogo, na mbele yetu kukawa na uwazi uliofagiliwa. Kaburi lilikuwa limezungushiwa mawe, na juu yake msalaba wa mti. Kabwe akaugusa. Ulikuwa bado mweupe, unanukia mti mbichi.

"Huyu musalaba ni mupya?" akauliza.

Mama Zaina akajibu: "Mchwa wanakula. Kila baridi anachonga mwingine."

Hapo ndipo nilipoanguka. Mimi, niliyekuwa nimelia kwa siri ndani ya kikwembe muda wote huo, nililia kwa koo langu lote, na hakuna aliyekunja mikeka. Wenzangu walivua vilemba wakalia pamoja nami, wakaimba nyimbo za kilio tulizonyimwa. Mama Zaina aliketi nasi na machozi yake. Mzee Saidi alisimama kando, mikono amefungua, midomo inacheza. Nililala kifudifudi juu ya udongo ule nikamwambia Kalenga habari zote: Kyungu amefika darasa gani, mdogo wake ameota meno yote, jirani amehama. Nilimwambia mpaka nikachoka.

Nilipoinuka nilitazama ziwa. Nilikuwa nimelisahau. Lilikuwa maji tu, na ndege weupe, na jua linashuka upande wa Kapolowe. Halikunifanya kitu.

Tulipokuwa tunarudi kwenye kambi Mzee Saidi alitembea karibu nami. Aliniuliza bila kuomba, kama mtu anayetaka tu kujua ajitayarishe vipi: "Mama, utasema?"

Hapo nilielewa uzito wake. Nikisema, yule wa abakosti ataondoka kwenye kiti changu. Kazini watajua Kalenga hakutoroka. Majirani watanisalimia. Lakini swali la kwanza watakalouliza ni: nani alimzika? Na lori la askari litashuka katika kambi hii, kwa mtu aliyemuosha bwana yangu. Nilitamani sana kuwa mtu safi mbele ya mji. Mungu anajua nilivyotamani! Lakini nilitazama mikono ile iliyopasuka, na jibu likaja lenyewe.

"Baba," nikamwambia, "hakuna muntu atasikia jina yako mu kinywa yangu."

Wenzangu watatu wakaahidi hivyo hivyo, hata Odia. Na Odia alikaa kimya njia nzima ndani ya lori. Huo nao ni muujiza wa kushuhudia!

Nilimwambia padri wetu, kwa sababu padri hasemi. Na kwa idhini ya Mzee Saidi nilimpeleka Numbi, kwa sababu alikuwa damu ya Kalenga. Kaka wa Nyota alitupatia ruhusa tena, lakini Numbi sikumwambia tunakokwenda, nilimwambia tu anifuate. Alinifuata na sura ya hasira. Kaburini Mzee Saidi alimkabidhi kisu kidogo cha kuvulia, chenye mpini wa pembe, alichokikuta mfukoni mwa Kalenga. Numbi alikigeuza mara moja tu. Yeye mwenyewe alikuwa amempa mdogo wake kisu kile. Yule mwanaume mkubwa akapiga magoti akalia.

"Mulamu," akaniambia baadaye, yaani shemeji, bado hajainua macho, "nilikukosea."

Juma lile lile alirudisha suti ya arusi, imepigwa pasi.

Tulifanya matanga nyumbani kwangu, milango imefungwa, tukiimba kwa sauti ya chini. Padri aliomba, ukoo ukanitangaza mjane kwa neno la Numbi, na mimi nikapokea jina hilo kama maji baada ya safari. Sahani ya Kalenga niliiosha nikaiweka kabatini.

Yule wa usalama alirudi. Alikaa pale pale.

"Sitwayene, tumesikia bwana yako ameonekana Angola."

Siku za nyuma ningetetemeka. Nilijitazama mikono, ilikuwa imetulia magotini kama ya mtu mwingine.

"Bwana yangu amekufa, papa. Nimekwisha kumulilia."

"Nani alikuambia?"

"Najua."

"Nikikupeleka ofisini utasema ni nani."

"Unaweza kunipeleka. Kule pia nitasema vile vile. Chai iko tayari, utakunywa?"

Aliinuka. Hakunywa chai. Alikuja tena mara kadhaa, kisha akaacha. Sijui kwa nini, na sitabuni sababu. Ninachojua ni kwamba nilifunguliwa kabla yeye hajaacha kuja. Mnisikie vizuri hapo, ndugu zangu! Mimi niliomba muda mrefu Mungu aniondolee yule mtu kwenye kiti. Mungu akaanza kwa kuniondolea hofu, na kile kiti kikawa kiti tu. Mji haukunisafisha mpaka baadaye sana. Wengine walikufa wakiamini Kalenga alitoroka. Lakini mimi nililala usingizi.

Kila baridi tuliendelea kutembea, na kila mara tulipopata ruhusa tulipita kwa Mzee Saidi na Mama Zaina. Kyungu alijifunza kuchonga msalaba akiwa ameketi karibu na mzee yule. Mzee alipofariki, sisi tulikuwa pale, tumesimama nje ya mstari wa sala yao, tukaomba kwa maneno yetu, kama wao walivyofanya kwa mtu wetu. Odia pia ametutangulia, sukari haikumwachia, ingawa alitembea mpaka mwisho wake na kulalamika mpaka mwisho wake. Kabwe na Nyota mnawaona pale, mstari wa pili. Simameni, dada zangu, msione haya. Simameni waone!

Ee Mungu, nakushukuru. Nakushukuru kwa shuka la Mama Zaina. Nakushukuru kwa mtu aliyeogopa lakini hakuacha kumheshimu mfu asiyemjua. Nakushukuru kwa sukari ya Odia, anisamehe huko aliko. Nakushukuru kwa sababu wakati nilipofikiri umevuka barabara, ulikuwa upande wa pili wa ziwa, unamtunza mtu wangu.

Najua humu ndani kuna mama anayemngojea mtu. Kuna baba ambaye mtoto wake aliondoka na habari zikakatika. Siwezi kukuahidi kwamba utampata kama nilivyompata mimi. Singekudanganya mbele ya altare. Lakini nakwambia Mungu hapotezi mtu, na hata mahali ambapo wewe huna ruhusa ya kufika, yeye ana watu wake. Mtumaini. Na kama leo huna nguvu za kumtumaini, usikae peke yako. Njoo utembee nasi Jumapili. Sisi tutamtumaini kwa ajili yako, polepole, mpaka na wewe uweze. Amina.